Gari Lenye Kilometa Nyingi Linywe Oili Gani?

Ukiishi hosteli unaweza kudhani swali la oili ya injini ni la watu wenye magari, yaani wahadhiri na wafanyabiashara, siyo letu sisi tunaogombania daladala asubuhi. Hebu hesabu vizuri. Chumbani kwetu tuko wanne, na wawili kati yetu tunasoma kwa gari. Simaanishi tunaendesha. Namaanisha nyumbani kuna IST au Vitz inayobeba abiria wa mtandaoni kutwa nzima, na pesa yake ndiyo inayoziba pengo pale bumu linapokata kabla semista haijafika katikati. Injini ya gari hilo ikifa, habari haiishii kwa mwenye gari kukaa nyumbani. Kuna mtu huku atashindwa kulipa chumba, na mwingine ataandika barua ya kuahirisha mwaka.

Mimi nasoma ualimu, fizikia na hisabati, mwaka wa tatu. Gari ninalolizungumzia ni Toyota IST ya mjomba wangu, mdogo wake mama. Ni namba D, injini ya 2NZ-FE ya sisi 1,300, na deshibodi inasoma kilometa 187,000 na ushee. Fundi wake alimwambia injini imeshazeeka, aachane na oili nyepesi, aweke 20W-50 ile nzito. Muuza duka akamwambia kinyume chake: weka sintetiki, tena ile iliyoandikwa High Mileage, ambayo kwa bahati (yake muuzaji) ndiyo ghali kuliko zote rafuni. Mjomba akanipigia simu. Baada ya shikamoo akasema, "Mwalimu, wewe si ndiye unayesomea mambo haya? Hawa wawili kila mmoja ananivuta kwake. Niambie nishike lipi."

Kwenye silabasi yetu hakuna mada ya oili ya injini. Lakini kuna mnato, tena tunaufundisha kidato kwa kidato kwa mfano uleule wa asali na maji, halafu tunaufunga kama vile umeishia kwenye asali. Kwa hiyo nianzie hapo.

Mnato ni ukaidi wa kimiminika kutiririka. Asali ina mnato mkubwa, maji mdogo. Asali ikipashwa moto inalainika na kukimbia, na oili hivyohivyo. Hapo ndipo injini inapopata shida: saa kumi na mbili asubuhi inataka oili nyepesi ifike juu kwenye valvu haraka, na saa nane mchana, kwenye foleni ya Ubungo, inataka oili ambayo haijawa maji. Zile namba mbili kwenye galoni ni jibu la shida hiyo. Katika 5W-30, W ni kifupi cha neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyojiendesha kwenye baridi, na inayofuata inaeleza mnato wake injini ikiwa imepata moto, ukipimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya daraja la 30 kwenye joto hilo lazima iwe na mnato kuanzia 9.3 hadi chini kidogo ya 12.5, kwa milimita za mraba kwa sekunde. Daraja la 40 linaanzia hapo 12.5 na kuishia kabla ya 16.3. Daraja la 50 linaanzia 16.3 na kwenda hadi karibu 21.9.

Ziangalie tena hizo namba, maana hapo ndipo ushauri wa fundi unapopimwa. Kutoka 30 kwenda 40 ni hatua moja. Kutoka 30 kwenda 50 unaweza kukuta mnato umezidi mara mbili. Na ile 20 ya mbele nayo inasema kitu: 5W hujaribiwa uwezo wake wa kuruhusu injini izunguke kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, wakati 20W hujaribiwa kwenye nyuzi 15 tu chini ya sifuri. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo, hata Makete. Kwa hiyo mtu akikuuzia sintetiki kwa hoja ya kuwasha gari kwenye barafu, muulize hiyo barafu ameiona wapi. Hata hivyo 5W inapita kwenye njia nyembamba za injini mapema kuliko 20W hata kwenye asubuhi zetu za nyuzi ishirini na kitu, na zile sekunde za mwanzo baada ya kuwasha ndizo chuma hukutana na chuma bila oili ya kutosha.

Simdharau fundi. Hoja yake ina kichwa na miguu: injini ikitumika sana, nafasi kati ya vyuma huongezeka, na oili nzito huziba nafasi kubwa vizuri zaidi kuliko nyepesi. Kwa injini iliyochoka kwelikweli, oili nzito hupunguza kelele na kupandisha presha. Ila oili haina kazi ya kulainisha peke yake. Inabeba joto kutoka kwenye pistoni kulipeleka kwenye sampo, inasomba uchafu kwenda kwenye filta, na kwenye injini hizi zenye VVT-i presha ya oili ndiyo inayosogeza mhimili wa valvu kulingana na mwendo. Njia zinazopeleka oili huko ni nyembamba, zimetengenezwa kwa oili nyepesi. Ukimimina kitu kizito mno unaweza kunyamazisha kelele upande mmoja na kuchelewesha kazi upande wa pili. Halafu kuna la msingi zaidi: fundi alikuwa anaagiza dawa ya homa bila kumpima mgonjwa. Alitazama namba ya deshibodi tu.

Na muuza duka alitazama hiyohiyo.

Sasa sintetiki yenyewe ni kitu gani? Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Ndani yake molekuli zimechanganyika, ndefu kwa fupi, zenye matawi na zisizo nayo. Sintetiki ya asili hujengwa kiwandani kutoka kwenye molekuli ndogo hadi zipatikane zinazolingana. Mobil 1, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1974, ilikuwa ya namna hiyo. Lakini teknolojia ikasogea, wenye viwanda wakaanza kuchukua mafuta ghafi na kuyavunjavunja kwa hidrojeni mpaka yakawa safi karibu sawa na yale ya kujengwa. Je, hayo nayo yaitwe sintetiki? Ugomvi huo ulifika kwenye chombo cha kusuluhisha mambo ya matangazo Marekani, Mobil akimlalamikia Castrol, na mwaka 1999 uamuzi ukatoka kwamba Castrol hakosei kuliita hivyo. Tangu hapo neno Fully Synthetic kwenye galoni linaweza kuwa na maana mbili tofauti, na galoni halikuambii ni ipi. Ndiyo maana unaweza kuziona mbili zenye maneno yaleyale na bei zimeachana sana.

Faida ya sintetiki kwetu haiko kwenye baridi, iko kwenye joto. Molekuli zikilingana, chache ndizo huruka kama mvuke injini ikichemka, na oili haigeuki masizi haraka. Kuna jaribio linaloitwa Noack: oili huwekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja, kisha hupimwa imepungua kiasi gani. Kwa viwango vipya vya oili za magari ya petroli haitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 15. Sintetiki nzuri hupoteza kidogo kuliko hapo. Kwenye injini kongwe hilo lina uzito, kwa sababu oili inayoungua huacha masizi kwenye ringi za pistoni. Ringi ya chini kabisa, ile ya kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda, ina vitundu vidogo. Vikizibwa na masizi ringi inanata, haikwangui tena, oili inabaki ukutani na kuungua, nayo inazaa masizi mengine. Injini ikishaingia kwenye mzunguko huo inaanza "kula oili."

Ile yenye maneno High Mileage ni hadithi nyingine kidogo. Valvoline waliitoa ya kwao, MaxLife, mwaka 2000, na wenzao wakafuata. Kwa kawaida wanailenga kwa magari yaliyopita maili 75,000, yaani kama kilometa 120,000. Angalia vizuri galoni, maana High Mileage siyo lazima iwe sintetiki. Nyingine ni ya kawaida, nyingine ni mchanganyiko. Tofauti yake ni viungo: sabuni zaidi ya kusafisha, na dawa ya kulainisha sili. Sili za injini ni za mpira. Mpira ukikaa kwenye moto miaka ishirini hukauka na kusinyaa, kama ndala ya zamani iliyoachwa juani. Dawa ile huufanya mpira unywe kidogo, uvimbe kidogo, urudishe ulaini. Uvujaji mdogo unaweza kupungua au kukauka kabisa. Kinachoshindikana ni kuurudisha mpira uliokatika, na chuma kilicholika hakirudi kwa oili yoyote. Ukisikia muuzaji anasema "hii inarudisha injini upya," aga kwa heshima.

Ukikusanya yote hayo unaona kwa nini namba ya deshibodi haiwezi kukuchagulia oili. Kwanza namba yenyewe. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kati ya mnada wa kule na barabara ya huku kuna mikono mingi. Si kila namba imefika salama. Fungua mlango wa dereva utazame pembeni ya nguzo, au inua boneti. Mara nyingi utakuta stika ndogo ya Kijapani yenye tarehe na kilometa za siku oili ilipobadilishwa mara ya mwisho kule. Ya mjomba ipo mpaka leo, imefifia, ila kilometa zinasomeka, na zinaendana na karatasi alizonunulia. Alikuwa na bahati. Rafiki yangu alipoitafuta kwenye gari la kaka yake alikuta stika yenye kilometa nyingi kuliko zilizokuwa deshibodi.

Pili, kilometa si sawa kwa kila gari. Gari linalotembea wastani wa kilometa 60 kwa saa linamaliza kilometa 5,000 kwa saa 83 hivi. Gari la abiria wa mtandaoni likitembea wastani wa 20 kwa saa, foleni ikiwemo, linahitaji saa 250 kufika palepale. Deshibodi inaandika sawa, lakini injini ya pili imewaka mara tatu zaidi, tena muda mwingi ikiwa imesimama bila upepo wa kuipooza.

Kwa hiyo nilimwambia mjomba asiweke 20W-50 wala asinunue galoni la bei kubwa. Kwanza tupime gari linakula kiasi gani. Akacheka. "Yaani nimekuuliza oili, wewe umenipa homuweki?" Ndiyo, mjomba.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Unaegesha mahali tambarare, unazima injini, unasubiri kama dakika kumi oili ishuke kwenye sampo. Unachomoa dipstiki, unaifuta, unairudisha mpaka mwisho, unaichomoa tena na kusoma. Unaongeza oili hadi alama ya juu, wala usiipite. Unaandika kilometa kwenye daftari. Baada ya kilometa 1,000, mahali palepale na saa ileile, unasoma tena na kuongeza hadi alama ileile, ukitumia mistari ya ujazo iliyo ubavuni mwa galoni kujua umemimina mililita ngapi. Unarudia kwa kilometa 1,000 nyingine, kwa sababu namba moja hudanganya. Mwanafunzi wa fizikia asiyerudia kipimo aende akasome fasihi. (Wenzangu wa fasihi mnisamehe, nyie mna mengine.)

Kwa karibu wiki tatu mjomba aliandika. Jumla aliongeza mililita 400 kwa kilometa 2,000, yaani lita 0.2 kwa kila kilometa 1,000. Ni nyingi au kidogo? Tukalinganisha na kitu kinachojulikana. Mwaka 2011 Toyota ya Marekani ilitoa waraka kwa mafundi wake kuhusu injini ya 2AZ-FE, hiyohiyo tunayoikuta kwenye Harrier na Alphard nyingi hapa mjini, kwa sababu wateja walilalamika inakula oili. Mpaka uliowekwa ulikuwa kwati moja kwa maili 1,200. Ukigeuza ni karibu lita moja kwa kilometa 1,900, au karibu nusu lita kwa kilometa 1,000. Gari la mjomba lilikuwa chini ya nusu ya hapo. Injini imekomaa, haijachoka.

Daftari lilikuwa na safu ya pili, ya moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na wakati unapotoka una maana. Ukitoka asubuhi tu, kwa sekunde chache baada ya kuwasha, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu: usiku oili imedondoka taratibu ndani ya silinda. Ukitoka gari linapovuta kupanda mlima, fikiria ringi. Kuna na valvu ndogo inayoitwa PCV, ya kutoa mvuke ndani ya injini. Ikiziba, injini inakula oili wakati ringi na sili hazina kosa, na bei yake hailingani hata kidogo na ya kushusha injini. Hiyo ikaguliwe kwanza. Na kama oili kwenye dipstiki inafanana na chai ya maziwa, acha kusoma makala hii upeleke gari gereji, maji yameingia. Oili nyeusi, kwa upande mwingine, haina tatizo kwa weusi wake. Ni sabuni iliyomo inafanya kazi. Mjomba alikuwa na moshi wa asubuhi tu.

Sasa pesa. Nitatumia bei za kubuni ili hesabu isomeke, wewe weka za dukani kwako. Chukulia galoni la lita 4 la oili ya kawaida ni shilingi 60,000, linabadilishwa kila kilometa 3,000 kama mafundi wengi wanavyotaka. La sintetiki ni 120,000, kila kilometa 6,000. Toyota kule Japani, kwa magari ya petroli yasiyo na tabo, huelekeza kilometa 15,000, na 7,500 kwa matumizi magumu. Matumizi yetu ni magumu, kwa hiyo 6,000 siyo ujasiri. Filta na ufundi weka 15,000 kila mara. Kwa kilometa 30,000, ya kawaida inabadilishwa mara kumi, jumla 750,000. Sintetiki mara tano, jumla 675,000. Hapo wauzaji wa sintetiki hupiga makofi na kufunga mjadala.

Hawajaweka ile inayoliwa. Gari la mjomba likila lita 0.2 kwa kilometa 1,000, katika kilometa 30,000 linakula lita 6. Kwa bei hizo ni 90,000 ya kawaida au 180,000 ya sintetiki. Jumla zinakuwa 840,000 na 855,000. Ngoma droo. Sasa chukua gari la kaka yake rafiki yangu, lile la stika, ambalo nalo tulilipima na likatoka lita nzima kwa kilometa 1,000. Linakula lita 30. Ongeza 450,000 kwa ya kawaida, inakuwa 1,200,000. Ongeza 900,000 kwa sintetiki, inakuwa 1,575,000. Huyo akinunua sintetiki ya bei mbaya anaichoma, kwa maana halisi ya neno kuchoma, inatokea kwenye ekzosi. Ushauri wangu kwake ulikuwa oili ya kawaida yenye kiwango kinachoeleweka, daraja la 40, dipstiki kila wiki, na ile tofauti ya laki tatu na elfu sabini na tano aiweke kando ya ringi. Hakupenda. Alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba sintetiki inatibu.

Msomaji makini ataniuliza: kama oili ya kawaida ni halisi na ina kiwango kipya, kwa nini nisiibadilishe kila kilometa 5,000 badala ya 3,000? Unaweza, na ukifanya hivyo kwa shilingi tupu ya kawaida inashinda. Kwa gari la kupeleka watoto shule na kwenda ibadani ningefanya hivyohivyo. Kwa injini inayosimama foleni saa nyingi kila siku, ambayo ringi zake bado zinafanya kazi na hatutaki zinate, nisingethubutu. Hapo ndipo ninapoona sintetiki inalipa, kwenye injini kongwe ambayo bado nzima. Iliyokwisha imeshachelewa. Na kuna siku za gereji: mara tano badala ya mara kumi ni asubuhi tano za abiria ambazo mjomba hazipotezi.

Tulichokubaliana kikawa hiki: 5W-30 ya sintetiki, yenye viungo vya High Mileage kwa ajili ya zile sili, na kwenye alama ya API iwe SP. Hizo herufi za API zisikupite. S ni ya injini za petroli, na herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya: SL ya mwaka 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Mpya inafaa gari la zamani, ya zamani haifai gari jipya. Bado kuna galoni sokoni zenye SF, kiwango ambacho API wenyewe wanasema hakifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988. IST ya kwanza ilitoka 2002. Mtu anaweza kukuuzia oili yenye daraja sahihi la mnato na kiwango cha enzi za kaseti, na galoni likawa zuri kweli kwa macho. Ikiwa kipimo chetu kingetoka nusu lita, ningepanda hadi 5W-40. Hatua moja, siyo mbili.

Watu huogopa kwamba sintetiki huvujisha gari la zamani. Woga huo una asili: oili za sintetiki za mwanzo zilikuwa na tabia ya kusinyaza sili, na waliopata shida hiyo wakasimulia. Za sasa huchanganywa na viungo vya kusawazisha. Kinachoweza kutokea ni hiki: sili ilikuwa imeshaharibika, utope mweusi umeiziba, oili mpya yenye sabuni kali ikauosha utope na uvujaji ukaonekana. Kwa sababu hiyo hiyo sikukubali zile dawa za kusafisha injini kwa dakika kumi kabla ya kumwaga oili. Kwenye injini ambayo haijulikani imetunzwaje, utope ukibanduka kwa mabonge unaweza kuziba chujio la pampu. Badala yake galoni la kwanza la sintetiki tulilimwaga mapema, kwenye kilometa 2,500, pamoja na filta, ili uchafu uliolainika utoke taratibu. La pili ndilo tukaliacha liende 6,000. Ni gharama ya mara moja, sikuiweka kwenye hesabu ya juu, nawe uikumbuke.

Baada ya galoni la pili tukapima tena, njia ileile. Mililita 300 kwa kilometa 2,000. Sishangilii sana, gari moja na vipimo viwili siyo utafiti, na mililita 100 ni ndani ya makosa ya kusoma dipstiki. Moshi wa asubuhi umepungua, haujaisha. Sili za valvu zitabadilishwa, oili haitazikwepesha.

Limebaki suala la feki, ambalo linaweza kuharibu hesabu zote. Duka moja mjini, silitaji, lilimuuzia mjomba galoni ambalo pete ya kifuniko ilikuwa imeshakatika. Aliliona kabla hajatoka mlangoni, akalirudisha, wakabishana, akapewa lingine. Tazama pete ya kifuniko, namba ya toleo iliyochapwa kwenye galoni, alama ya TBS, na uchapaji wa lebo. Lakini lebo huigwa. Kinachowapa kazi rahisi waigaji ni galoni halisi tupu, ambalo sisi wenyewe tunalitupa likiwa zima pale gereji. Injini ya 2NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo katika lita 4 inabaki kama robo lita na kidogo. Tuliihamishia kwenye chupa ya maji, ikaandikwa jina na kuwekwa kwenye buti kwa ajili ya kuongezea. Wakati fundi anakaza nati ya sampo alikuja kijana na kiroba, akaomba lile galoni. Mjomba alilichukua, akalitoboa kwa msumari mara tatu chini na mara mbili ubavuni, ndipo akampa. Kijana alilitazama, akaliacha palepale, akaenda gari la pili.